Amana ya Juzuu ya Tano

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Posa imeletwa. Wamekuja wanaume watatu kutoka kijiji cha Mkokoni baada ya alasiri. Wamekunywa kahawa, wameizunguka habari nusu saa nzima, mara upepo, mara kamba wa mwaka huu, mara mgongo wangu. Kisha mkubwa wao akakohoa, nikajua ndiyo hiyo. Wanamtaka Ghada kwa kijana wao Fahmi, fundi wa umeme wa jua, miaka ishirini na tisa.

Ghada ni mjukuu wangu. Ana ishirini na sita, anatoa dawa zahanati, na tangu wazazi wake wafariki yuko mikononi mwangu. Jibu tumeahidi Ijumaa ya tarehe 17, baada ya alasiri, mbele ya wazee wa pande zote mbili.

Kwetu posa haijibiwi kabla ya kuuliza. Mtu mmoja wa ukoo hupewa kazi hiyo. Huuliza: anaswali? Ana watu gani? Akipewa kitu cha mtu hukitunza vipi? Neno la muulizaji ni amana, wengine hulifuata. Safari hii muulizaji ni mimi. Miaka thelathini na saba ya ualimu nimeandika ripoti za watoto wa watu, na leo sijui nianzie wapi!

Ghada alikuja kuondoa vikombe. Aliniangalia mara moja tu — nikaelewa. Anamtaka.

Jumapili, 5 Oktoba

Dada yangu mkubwa, Bi Mwanatumu, kaingia hata sijamaliza chai. Hakukaa. Kasikia kwamba Fahmi hushinda na mashine ya mchezo, mchezo wa Kijapani, na humo ndani huita majini kwa kengele.

"Mtu mzima na ndevu zake, Jeilani! Muozeshe mwana kwa mtu wa majini, lakini mimi ndia ya kwenda arusini siijui."

Nikamwambia nitauliza.

"Uliza. Na ukipata jawabu usilipambe. Nakujua wewe, hupenda kila mtoto afaulu."

Hili la mwisho limenichoma. Lina ukweli.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwenda kwa Bwana Kariuki. Tulifundisha pamoja, sasa ana duka la nyaya na bateri, na Fahmi hununua kwake. Nimeuliza mikono ya kijana ikoje.

"Mwalimu, huyo akikuambia saa nne, ni saa nne. Akikosea kazi anarudi bila kuitwa."

Na mchezo?

"Gemu? Eh, wacha acheze! Mimi nikishika tu drafti, Nkatha ananipigia simu kuuliza kama nimekufa." Nkatha ni mkewe. Tumecheka. Lakini nikitoka nilikuwa bado sijui. Mtu anaweza kutunza nyaya za watu na asitunze mtu.

Jumanne, 7 Oktoba

Fahmi mwenyewe. Nilimwita, akaja saa kumi kamili. Nikamuuliza waziwazi habari ya mchezo. Hakucheka, wala hakuona haya. Alisema, "Mwalimu, nikueleze kwa ufupi au kwa kirefu?" Mtu wa kuniuliza mimi swali hilo! Kwa kirefu, nikasema.

Naandika nisisahau. Si mchezo mmoja, ni mfululizo. Jina lake kwa lugha yetu ni kama Mnara wa Chumvi. Wa kwanza ulitoka Japani mwaka 1988, mwaka niliohamishiwa shule ya Faza, na wa mwisho umetoka mwaka jana. Yote kumi na minne. Yeye huiita gemu ya kwanza, gemu ya pili. Mimi nimeiita juzuu, akapenda, sasa tunasema juzuu sote wawili.

Nilidhani ni hadithi moja inayoendelea. Sivyo. Kila juzuu ina nchi yake, watu wake, msiba wake. Unaweza kuanza popote. Kinachoziunganisha ni vitu vichache: mnara ambamo msafiri hupumzika na safari yake huandikwa isipotee (vijana wanasema kusevu), mwanamke kipofu muuza kengele, ambaye yumo katika zote na hazeeki, na majitu ya chumvi yanayoitwa kwa kengele hizo. Ndiyo majini ya Bi Mwanatumu.

"Yanaabudiwa?" nikauliza.

"La, Mwalimu. Yanaitwa, yanafanya kazi, yanaenda zao. Kama mafundi wa stima. Tofauti ni kwamba haya yakiitwa huja."

Juzuu tatu za mwanzo ni picha za nukta nukta, kwa sababu kumbukumbu ya mashine za wakati ule ilikuwa ndogo, hata maneno waliyapunguza. Ya nne ndiyo ya kwanza ambamo rafiki wa msafiri anakufa na harudi. Watu wazima walilia, wakaandika barua kwa waliotunga. Ya sita ina sauti. Ya nane waliondoa zamu — hapo awali watu walipigana kwa zamu, kila mmoja akingoja ya mwenziwe — na wachezaji wakakasirika mno. Ya kumi huchezwa na watu wa dunia nzima pamoja. Ya kumi na mbili wakarudisha zamu, wakaomba radhi.

Kijapani amejifunza humo humo, neno kwa neno, na kamusi. Nikamuuliza anaipenda ipi. "Ya tano," akasema, akainuka kwenda. Sikusukuma.

Jumatano, 8 Oktoba

Fahmi amerudi na begi la kitambaa. Ndani mna mashine yenyewe, ukubwa wa kitabu cha mfukoni, ina juzuu tano za mwanzo zilizotolewa upya. Na kitabu cha picha cha juzuu ya tano. Nilikifungua nikakuta mwisho! Kumbe mwanzo uko kulia. Kinafunguliwa kama vyuo, vitabu vya dini vya marehemu baba yangu. Nimefurahi kama mtoto. Watu wa mbali vile, na kitabu wanakishika kama sisi.

Anasafiri kesho kwenda Mtangawanda, kisiwani Pate, kufunga paneli za madrasa, atarudi Alhamisi ijayo. Kasema mashine ibaki kwangu.

"Ukitaka kujua mtu anacheza nini, Mwalimu, cheza. Hii amana. Zote zichezee utakavyo. Ya tano ianze hata mwanzo, haidhuru, ila usisevu. Ile ina nafasi moja tu, na nafasi yenyewe imekaa safari yangu. Ikikuuliza, neno la kwanza ni ndiyo, la pili ni hapana."

Nikaandika: la kwanza ndiyo, la pili hapana. Nikampa mkono.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku mbili nimo ndani ya juzuu ya kwanza. Macho yananiuma. Sijui kusoma hata herufi moja na bado naelewa: huyu ana kiu, huyu anadanganya, huyu kapoteza mtu. Na zamu! Wasafiri wanne wamesimama mbele ya adui, kila mmoja anangoja. Hakuna anayemkata mwenzake kauli. Baraza la wazee wetu halina adabu hiyo.

Ghada kapita, kaona. "Babu, umeoga lakini?"

Najiuliza kama nauliza au nacheza. Wiki moja imebaki.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeharibu.

Niandike kwa taratibu. Asubuhi nilifungua juzuu ya tano. Ukurasa wa kwanza unaonyesha safari yake: saa 1,912. Nilitaka kuona hadithi inavyoanza, basi nikaanza mwanzo, kama alivyoniruhusu. Mwanamke mchimba chumvi anatupwa na mawimbi kwenye kisiwa kitupu. Nzuri sana! Baada ya karibu saa nzima nikafika mnarani. Katika juzuu ya kwanza ukifika mnarani hakuna swali. Hapa liliulizwa. Maneno mawili, yamekaa bega kwa bega.

La pili ni hapana. Nilikumbuka vizuri kabisa. La pili.

Nikahesabu kutoka kulia.

Nani ahesabu kutoka kushoto, na kitabu chao nimekishika mwenyewe kinaanzia kulia? Maisha yangu yote, andiko nisilolijua likiwa la watu wa kitabu cha kulia, jicho langu huanzia kulia. Nikabonyeza la pili. Kengele ikalia. Skrini ikawa nyeupe. Niliporudi ukurasa wa kwanza, tarakimu nilizisoma bila kamusi: saa 0, dakika 58.

Nimezima. Nimewasha. Dakika 58. Nimezima tena.

Kwenye skrini wanaandika kutoka kushoto, kama Wazungu. Nimelijua hilo adhuhuri, kwa kukiangalia kitabu cha picha upya: maneno ya kushuka huanzia kulia, ya kulala huanzia kushoto. Mambo ya kumuuliza mwenyewe, na alikuwa amekaa hapa mbele yangu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimempigia Fahmi. Hapatikani. Nimempigia tena baada ya adhuhuri — kapatikana! Sauti yake changamfu, nyuma yake watoto wa madrasa wanapiga kelele. "Mwalimu! Umefika wapi?"

Nikamuuliza habari za Pate. Nikamuuliza paneli ni ngapi. Nikamuuliza kama kuna mvua. Mimi! Kisha nikasema haya basi, tutaonana.

Aibu tupu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimemuuliza Ghada, kwa mbali, kama anaijua ile juzuu ya tano. Uso wake ukafunguka.

"Alikuonyesha kisiwa? Mimi alinionyesha pale benchi la zahanati, watu wanangoja dawa."

Basi nimeambiwa. Katika juzuu hiyo unakijenga kile kisiwa kitupu, nyumba kwa nyumba, na kila anayehamia unampa jina wewe. Fahmi kawapa majina ya watu wa Mkokoni ya utotoni mwake. Wale waliohama wakati wa usalama kuharibika, wakatawanyika Malindi, Mombasa, wengine hawajulikani walipo, wengine wamekufa. Nyumba arobaini na mbili. Kazipanga kama zilivyokuwa kweli, kutoka kisimani mpaka msikitini, jirani kwa jirani. Nyumba ya kwanza ni ya bibi yake aliyemlea. Picha yake hana. Miaka kumi na moja anajenga.

"Kila akimkumbuka mtu, anampa nyumba," akasema Ghada. "Mwezi uliopita kamkumbuka mshona makuti. Alifurahi, babu! Alinipigia simu niko kazini."

Sikuweza kumwambia. Nimesema kichwa kinaniuma. Si uongo.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemwambia Bi Mwanatumu. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu tangu utoto yeye ndiye aliyekuwa akijua nilichovunja.

Kwanza kacheka mpaka kajifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha kaacha ghafla.

"Miaka kumi na moya, Jeilani. Kwa kijiji cha mchezo! Si angejenga nyumba ya mawe? Mwana atakula majina?"

Ni swali la haki, na muulizaji nilipaswa kuliuliza mimi kabla yake. Nimesema tu kwamba kazi yake hajaiacha hata siku moja kwa sababu ya mchezo, Kariuki kanihakikishia.

Kisha akakaa — yeye huwa hakai! — akasogeza kiti. "Sikiza. Hii ni kheri. Usimwambie kitu. Mrudishie Ijumaa mbele ya wazee, umwambie haya, tufungulie tuone. Akipandisha hasira, tumemjua. Akinyamaza akasubiri, wallahi mimi mwenyewe ndiye wa kwanza kusema ndiyo."

"Na nikimwambia mapema?"

"Ukimwambia, atakuja keshapanga uso. Utakuwa humjui, na mimi jawabu langu ni lile lile, hapana."

Neno lake lina uzito. Akikataa Bi Mwanatumu, nusu ya ukoo haiji. Na Ghada hataolewa nusu ya ukoo ikiwa imenuna; namjua.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeswali, nimetembea mtaa wetu wa Mkomani wote mpaka miguu imechoka, nimerudi. Jambo halijapungua.

Mpango wa dada una akili. Ndio unaonitisha. Kijana ni mpole, naamini angenyamaza. Ghada angepata ndiyo yake. Mimi ningesema baadaye, samahani, mzee hakujua.

Lakini nakumbuka mwalimu mmoja pale Faza. Alikuwa akiacha kalamu yake nzuri mezani makusudi, anatoka, aone nani ataiba. Siku moja mtoto aliichukua ili ampelekee nyumbani. Akapigwa. Nilikuwa mgeni shuleni hapo, nikanyamaza. Yule mtoto hakumtazama tena mwalimu yeyote usoni, hata mimi.

Na hapa kalamu si yangu hata. Ni yake. Nimeivunja mimi, kisha nimtazame anavyotaabika, niandike maksi?

Alhamisi, 16 Oktoba

Fahmi katuma ujumbe: boti imeharibika Mtangawanda, atafika kesho, insha'Allah kabla ya swala ya jumaa. Kaongeza: "Nasubiri kwa hamu kusikia safari yako, Mwalimu."

Ghada anapiga pasi buibui jipya. Sijala.

Nimeamua. Nitamwambia kabla ya wazee, peke yetu. Nilipoamua nikajihisi mwepesi kidogo — kisha nikaona uso wa Ghada, wepesi ukaniacha. Maana anayelipa akikataa Bi Mwanatumu si mimi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Saa tisa na robo. Naandika haraka, juu chumbani. Wazee wameanza kufika.

Fahmi hakuwahi jumaa. Alikuja saa nane, moja kwa moja kutoka gatini, suruali ina chumvi mpaka magotini. Nilimkalisha dakani, kwenye baraza la mawe mlangoni. Akavua viatu kabla ya kukaa, kwa adabu, ingawa dakani hakuna anayevua. Anatabasamu. "Haya, Mwalimu, nihadithie."

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nikasema: uliniambia nisisevu, nimesevu. Nilihesabu kutoka kulia. Kisiwa chako kimekwenda, na aliyekifuta ni mimi, siku sita sasa, na Jumapili ulipopokea simu nilijua na sikusema. Nikamwekea mashine mapajani.

Aliiwasha. Nilikuwa naona skrini kwa upande. Dakika 58.

"Zote?" akasema.

"Zote."

Kidole chake kikawa kinasugua pembeni ya mashine, pale rangi ilipotoka. Midomo ilikuwa ikienda. Mwanzo nilidhani anasoma dua. Kisha nikasikia jina moja: Bi Amina wa kisimani. Akataja mwingine. Alipofika wa tisa au wa kumi akakwama. Alirudi nyuma, akaanza tena, akakwama pale pale.

Nilisema, "Mwanangu, nisamehe."

Kasimama. "Niwie radhi kidogo, Mwalimu." Sauti haikuwa yake. Akatoka, mashine kifuani, akakata kona ya msikiti, miguu mitupu. Viatu kaviacha.

Hajarudi mpaka sasa. Simu kazima.

Bi Mwanatumu kapanda hapa hivi punde. Kaniangalia tu, kajua. "Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Na kakimbia."

"Katoka."

"Jeilani, wazee wa Mkokoni wamekaa chini wanasubiri mposaji wao! Utasema nini? Kasusa kwa ajili ya kengele na picha?"

Nikamwambia nitasimama kama muulizaji, nitaeleza nilichokiona. Nitaanza na amana niliyopewa mimi na nilivyoitunza. Watu wote wasikie, wa kwao na wa kwetu. Baada ya hapo ndipo nitasema juu yake, kama bado kuna atakayelitaka neno langu.

"Utajivua nguo mbele ya watu," akasema dada, polepole. Akashuka.

Adhana ya alasiri inaanza. Ngazi inatoa sauti. Nasikia mtu chini analalamika, nadhani ni mkubwa wa wale watatu, kajikwaa. Bi Mwanatumu anauliza kwa sauti kubwa viatu vya nani hivi vinavyoziba ndia, viondolewe watu wapite.

Ghada yuko chini, mlangoni. Sijapata kumsikia akimjibu bibi yake kwa sauti ile.

"Ni vya Fahmi, bibi. Vikae papo hapo."